Mwokozi wa Supu ya Spinachi

Alhamisi, 5 Septemba

Mkutano wa walimu. Kahawa nyingi, biskuti chache, maneno hakuna. Kisha mwalimu mkuu wetu, Marketta, akatangaza kwa sauti ileile aliyotangazia ukarabati wa banda la baiskeli kwamba wiki ijayo ni Wiki ya Mabaki. Halmashauri imechoka na chakula kinachotupwa. Ndoo ya mabaki pale bwaloni itawekwa juu ya mizani, na mlo utakaoijaza kuliko mingine utafutwa kwenye ratiba ya chakula cha shule. Akaongeza kwamba wote tunajua utakuwa upi.

Supu ya spinachi!

Walimu wakatikisa vichwa kukubali. Wakaendelea kuchovya biskuti.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga kusimama. Hapa kwetu mtu hasimami mkutanoni isipokuwa jengo linaungua. Nikasema supu ile ndicho kitu pekee ambacho kila mtoto wa nchi hii, awe wa daktari au wa mkata miti, amekila kwa rangi ileile, katika bakuli lilelile, na nusu yai la kuchemsha likielea juu yake kama... Nikatafuta mfano. Haukuja. Nikasema, kama nusu yai. Nikamalizia kwamba anayeifuta supu hii anaufuta utoto wa taifa zima.

Mtu akakohoa. Kaapo, mwalimu wa darasa la tatu B, akauliza kama kuna anayeitaka biskuti ya mwisho.

Marketta aliniangalia, akakuna shavu, akasema basi Seela ndiye atakayesimamia Wiki ya Mabaki.

Ushindi. Ila ushindi wenye mtego, na mimi si mtu wa kutoona mtego. Mimi ni mwalimu wa muda tu. Nimeshika darasa la tatu A hadi Krismasi kwa sababu mwenye darasa yuko likizo ya uzazi. Ijumaa ya wiki ijayo Marketta ataamua nani aendelee nalo hadi Juni. Kwa hiyo hili ni jaribio. Supu ikibaki, nabaki. Supu ikiondoka, narudi kwa mama, kwenye kitanda changu cha utotoni ambacho miguu inaning'inia, mimi na shahada yangu ya uzamili ya falsafa.

Hakusema hivyo waziwazi. Lakini lile shavu, alivyolikuna. Mimi husoma nyuso.

Jumamosi, 7 Septemba

Sauna kwa mama. Walikuwepo pia wenzake wa mazoezi ya majini, wamejipanga kwenye viti vya juu kama jopo la mahakimu, wekundu wote kwa mvuke. Nikaitaja supu. Nilikuwa sijamaliza sentensi, mlio wa kutamani ukatoka kwenye vile viti. Tuovi, ambaye ndiye kiongozi wao, akasema hata sasa akifumba macho anaisikia harufu yake. Mwingine akasema watoto wa siku hizi hawajui chakula. Mama akasema angetoa chochote apate bakuli moja tu, lile la shule, si la kupika nyumbani, la nyumbani halifanani.

Hapo ndipo mpango uliponijia, kamili, kutoka kwenye mvuke. Shuleni kwetu watoto wakishamaliza kula, mlango hufunguliwa na wanakijiji huruhusiwa kula kilichobaki kwenye sufuria. Nikawaambia wote waje Jumatano, siku ya supu. Hawa peke yao wanaweza kukausha sufuria. Wakaahidi. Tuovi alisema hatakunywa hata chai siku hiyo.

Nilimuuliza mama kama mimi nami nilikuwa naipenda sana nikiwa mdogo. Akamwaga maji kwenye mawe, akasema, "Uliipenda sana mwanangu, hasa ukishafika nyumbani."

Sikumwelewa vizuri. Mvuke ulikuwa mkali.

Jumatatu, 9 Septemba

Siku ya kwanza ya mizani. Makaroni ya kuoka. Ndoo imebaki karibu tupu! Mabaya haya. Nilikuwa nimeangalia jambo hili upande mmoja tu, kosa ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa falsafa hafanyi. Haitoshi supu ipendwe. Lazima kuwe na mlo mwingine unaochukiwa zaidi.

Kesho ni samaki.

Kaapo anapita kati ya meza kama bwana harusi. Amewafundisha watoto wa B kuchukua kijiko kimoja kwanza, kuonja, halafu kurudi kuongeza. Hawamwagi kitu. Akaniuliza mgonjwa wangu anaendeleaje. Nikamwambia mgonjwa gani. Akasema wa kijani.

Nikaiba mbinu yake hapohapo. Nikawatangazia watoto wote bwaloni kwamba Jumatano kila mtu achukue upawa mmoja tu, usiojaa. Raili, mpishi wetu, alichungulia kutoka jikoni akanikumbusha kwamba kinachobaki kwenye sufuria nacho hupimwa. Nikasema najua. Sikuwa nikijua.

Lakini watakuja mama na wenzake. Sufuria ni yao. Nimetulia.

Jumanne, 10 Septemba

Najionea aibu kidogo, na shajara ndiyo mahali pake.

Asubuhi niliwafundisha A somo la viumbe wa majini. Nilijikita kwenye macho. Nikawaeleza kwa kina jinsi samaki anavyolala macho wazi, jinsi asivyo na kope, jinsi anavyoweza kuwa anakuangalia mpaka dakika ya mwisho. Nilishusha sauti. Nilitegemea hofu. Nilitegemea ndoo ijae samaki hadi juu.

Wakaenda bwaloni mbio. Walikula samaki wote wakitafuta macho. Hertta, msichana mdogo wa meza ya mbele ambaye humtazama mtu kama daktari anayesubiri majibu ya vipimo, alirudi mara ya pili kuongeza na kumuuliza Raili macho yamewekwa wapi. Raili akasema hawa walikuja bila vichwa. Hertta akaniambia, kwa huzuni ya kweli, kwamba nimewadanganya.

Ndoo: miiba michache.

Mchana nilikaa na maziwa yangu nikafikiri hadi kwenye mzizi. Kwa nini mtoto ale supu asiyoitaka? Kwa ajili ya nusu yai! Kila mtu anajua kwamba yai ndilo moyo wa supu ile. Basi, anayemaliza bakuli apewe nusu ya pili. Rahisi. Ajabu ni kwamba hakuna aliyewahi kulifikiria.

Nikaenda kwa Raili kumwomba mayai zaidi. Alikuwa anaosha sufuria kubwa kuliko sauna yetu. Akasema mayai ni nusu kwa kila mtoto, ndivyo ilivyokuwa, ndivyo ilivyo. Nikasema hakuna neno, nitayagawa kwa busara.

Jumatano, 11 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nianze na dakika ambazo mambo yalikuwa mazuri, kwa kuwa zilikuwepo.

Madarasa madogo huingia kwanza. Nilisimama kando ya sahani ya mayai na upawa mkononi. Nilitangaza zawadi. Watoto wa A walikula kama mbwa mwitu. Walifumba macho, wakabana pua, wakanywa supu kama dawa, wakaja kwangu na mabakuli meupe. Nikawapa nusu ya pili. B wakaona, nao wakameza. Kaapo alinong'ona kwamba hii ni rushwa. Nikamwambia ni motisha. Ndoo ilikuwa imekauka. Mizani ilionyesha uzito wa ndoo yenyewe tu, na mimi nilisimama pale nikauona mwezi wa Juni, mkataba wangu, chumba changu mwenyewe chenye kitanda kirefu.

Kisha likaingia darasa la sita.

Mayai yalikuwa yamekwisha.

Hapa kwetu mtu anaweza kukuegeshea gari mlangoni ukanyamaza. Anaweza kukata mti wako, na mtaendelea kupungiana mikono kwa miaka. Lakini nusu yai lako ni lako. Wale watoto wakubwa hawakupiga kelele. Ingekuwa heri wangepiga. Walisimama kwenye foleni wakiitazama sahani tupu, wakapelekeana habari kwa macho, wakajipakulia supu hadi ukingoni kwa makusudi, wakaenda moja kwa moja kwenye ndoo. Mmoja baada ya mwingine. Kwa adabu kamili. Kila mmoja akimwaga aliniangalia na kusema asante.

Mizani ilipanda kama homa.

Kaapo alikuja akasimama karibu nami, mikono mfukoni. "Seela, umefanya kitu ambacho hakuna mwalimu amewahi kukiweza. Umelipatanisha darasa la sita."

Nilikuwa nasubiri jeshi langu. Na likaja! Mama mbele, Tuovi nyuma yake, wote wakiwa na nywele mbichi za bwawani na nyuso za watu waliokuja kumwona ndugu aliyerudi kutoka mbali. Walijipakulia. Walipiga picha. Tuovi aliinama juu ya bakuli akavuta harufu, na naapa machozi yalimtoka. Alisema, ndiyo hii. Ndiyo hii hasa.

Wakachota kijiko kimoja.

Wakaanza kuongea. Waliongea kuhusu mpishi wa zamani aliyekuwa na ndevu ingawa alikuwa mwanamke, kuhusu madawati, kuhusu msichana aliyemwaga supu kwenye piano. Wakacheka hadi wakajifuta macho. Vijiko vilikuwa vimelala mezani. Nikapita nikauliza kama kila kitu ni sawa. Tuovi akasema ni tamu mno, yaani mno, ila alikula kitu asubuhi. Mwingine akasema kidogo tu kimemtosha, moyo umejaa. Mama alikuwa amefunika bakuli lake kwa kitambaa cha karatasi. Nilimwona. Aliniona namwona.

Kisha wakainuka na kwenda kwenye ndoo, kwa foleni, bila kusukumana. Wale wale. Waliofumba macho saunani. Mabakuli yalikuwa kama yalivyopakuliwa. Tuovi aliiinamia mizani kidogo alipomaliza, kama mtu anayeaga msibani.

Nilirudi mezani kwangu nikakaa. Bwalo lilikuwa tupu. Hertta akatokea, alikuwa amesahau sweta. Akalichukua, akapita kwangu, akasimama.

"Mwalimu, mbona yako hujaila?"

Nikatazama. Bakuli langu lilikuwa hapo mezani tangu foleni ya kwanza. Nusu yai nilikuwa nimelila. Mkate mkavu na siagi nilikuwa nimeula, hata makombo. Supu ilikuwa nzima. Imefunga utando.

Nikasema bado ni moto.

Alichovya kidole kidogo. "Imepoa, mwalimu." Halafu, bila ubaya wowote, akasema walimu hula pamoja na watoto ili wawe mfano.

Nikashika kijiko. Nikaonja. Ilikuwa na ladha ya nyasi zilizochemshwa kwenye maziwa na mtu mwenye haraka. Nikajaribu cha pili. Koo likafunga mlango. Hertta alisubiri, sweta kiunoni, uso mtulivu kabisa. Nikainuka. Nikaenda kwenye ndoo nikamwaga mbele yake.

Akasema, "Hata mimi sipendi." Akaondoka.

Ndoo ya leo imeshinda ndoo zote. Sehemu kubwa waliimwaga wenye kuipenda.

Alhamisi, 12 Septemba

Supu ya njegere na keki ya oveni, kama kila Alhamisi. Hakuna kilichobaki. Sikushangaa. Sikushangaa kitu chochote leo.

Nimempigia mama. Nilimuuliza ukweli. Akasema nikiwa darasa la kwanza nilikuwa nahifadhi ile supu mdomoni tangu bwaloni hadi kwenye mti wa birchi nje ya geti, na ndiyo maana mti ule ulinyauka upande mmoja. Akasema yeye mwenyewe alikuwa akiimwaga kwenye buti la Tuovi. Nikamuuliza kwa nini basi alisema angetoa chochote. Akafikiri. "Aa, kuikumbuka ni kitu kingine, mwanangu. Kule hailiwi."

Nimefungasha vitabu vyangu vya darasani kwenye sanduku. Nimejificha kwenye stoo ya karatasi kila nilipozisikia nyayo za Marketta. Mara moja zilikuwa za Kaapo, aliyekuja kuchukua gundi. Hakuuliza ninafanya nini gizani. Akaniachia biskuti kwenye rafu. Dharau au huruma? Nitalifikiria.

Mchana nikapata ujasiri wa kwenda kwa Raili. Nilijiambia, huyu ndiye aliyepoteza kuliko wote. Kazi ya maisha yake. Nimkute akilia, nimpe pole.

Alikuwa akiimba. Chini chini, lakini akiimba. Nikamwomba msamaha kwa yote. Akafuta mikono, akanionyesha vidole vyake vyekundu.

"Miaka yote hii namenya mayai ya moto, Seela, ndoo kwa ndoo. Nilijua nitastaafu namenya. Asante sana."

Akanigusa bega. Hapa kwetu hilo ni kama kukumbatiwa kwenye kituo cha treni.

Jinsi anavyojikaza, maskini. Wimbo ule ulikuwa wa kuficha kilio. Nilielewa kila kitu.

Ijumaa, 13 Septemba

Siku ya hukumu. Na chakula? Chapati za maji za spinachi na jamu ya beri nyekundu za msituni. Watoto walizila zote. Walipanga foleni mara ya pili, wakalamba sahani, wakapigania ya mwisho, iliyokuwa imeungua. Spinachi ileile! Jani lilelile! Ukilichemsha wanakimbia, ukilikaanga wanapigana. Nilikaa na sahani yangu nikazila kimya kimya, na zilikuwa tamu, tamu kwelikweli, tamu mdomoni na si kwenye kumbukumbu. Nikatamani ningezipigania hizi. Lakini hakuna aliyezitishia.

Baada ya chakula Marketta akaniita ofisini. Sanduku langu lilikuwa tayari mlangoni. Nilikuwa nimetunga hotuba fupi, yenye heshima, isiyolaumu mtu ila darasa la sita.

Akasema supu imefutwa, kuanzia wiki ijayo. Nikasema najua. Akasema karoti itachukua nafasi yake. Nikasema sawa. Kisha akasogeza karatasi nisaini. Mkataba hadi Juni.

Nikamuuliza, licha ya supu?

Akaniuliza supu inahusika vipi. Nikamkumbusha kuhusu jaribio. Akauliza jaribio gani. Nikasema alikuna shavu. Akasema mbu alikuwa amemng'ata.

Akaeleza kwamba nafasi ilitangazwa tangu Agosti na mwombaji alikuwa mmoja, mimi. Akasema pia kwamba Hertta na wenzake walikuja asubuhi kumwambia wanataka kubaki nami, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa kwanza waliyemwona akimwaga chakula hadharani badala ya kukificha chini ya kitambaa. Hilo la kitambaa lilinichoma, kwa niaba ya familia. Lakini nilisaini.

Nikatoka nje. Sijui jinsi ya kuliandika hili. Kulikuwa na jua lile la Septemba lisilo na joto, baiskeli bandani, na mimi nilihisi kama mtu aliyebeba sufuria ile kubwa ya Raili kichwani wiki nzima kisha akaambiwa aitue, haikuwa yake. Nilikaa ukingoni mwa mtaro nikacheka peke yangu. Supu imekwenda. Hakuna atakayelazimika kuila tena, wala watoto, wala mama, wala mimi. Kazi ninayo. Kitanda kirefu kinakuja. Kaapo alipita na baiskeli, akasema anafurahi nimebaki, bila mimi mikutano ni kimya sana. Nikamjibu kitu cha kawaida. Nadhani nilitabasamu.

Nimelala mchana. Sijawahi kulala mchana tangu chuo.

Jumatano, 18 Septemba

Jumatano ya kwanza bila yeye.

Supu ya karoti. Rangi ya machungwa, laini, tamu. Watoto walimaliza. Ndoo ilikuwa tupu. Kila mtu anafurahi, na mimi niliketi na bakuli langu nikahisi kitu kimekosekana hewani. Ile harufu. Kijani kile. Nikafumba macho na ikanijia, kamili, ya moto, na mvuke wake, na ladha yake si ile ya wiki iliyopita hata kidogo. Ile ya wiki iliyopita ilikuwa ajali. Bila shaka spinachi ilikuwa ya bohari mbaya, au nilikuwa na wasiwasi, na inajulikana kwamba wasiwasi huharibu ulimi.

Nimempigia mama. Anasema saunani hawazungumzii kitu kingine. Tuovi ameshindwa kulala. Wote wanasema tumeibiwa utoto wetu, na wako tayari kusaini chochote. Watarudi kula, safari hii bila hata kifungua kinywa, wameapa.

Kwa hiyo nimeanza. Ombi rasmi kwa halmashauri: supu irudi. Na sasa kosa langu nimeliona waziwazi, baada ya kutafakari kwa utulivu. Supu haikuwa na tatizo lolote. Mayai yalikuwa machache. Nusu kwa mtoto ni uchoyo, na uchoyo ndio uliolifanya darasa la sita liasi. Ombi langu linataka yai zima kwa kila mtoto, kila Jumatano, na mayai mawili kwa wastaafu.

Kesho asubuhi naanza kukusanya saini. Nitapitia jikoni kwanza, saini ya juu kabisa iwe ya Raili. Sijamwambia bado. Nataka niuone uso wake atakapolisoma.